Meli Iliyolisha Manowari: Habari za Neosho, 1939–1942

(Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya mabaharia wastaafu, wanafunzi wa ubaharia na jamaa zao. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Wazee wetu mliotutangulia baharini, kina mama mliobaki na watoto na kodi ya nyumba huku waume zenu wakiwa safarini, ndugu zangu wa deki na wa injini, nanyi vijana ambao bado mko darasani: asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka mbali, na jua la leo si la mchezo.

Mimi ni mtu wa injini. Nimekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo nimeila kwenye meli za mafuta. Ndiyo maana walioandaa mkutano huu waliponiambia nichague habari moja ya bahari katika vita, sikuhangaika kutafuta. Nitawasimulia meli inayoitwa Neosho.

Neosho ilikuwa meli ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani. Ilihudumu miaka isiyotimia mitatu, tangu Agosti 1939 hadi Mei 1942. Haikuzamisha manowari yoyote. Haikushinda pigano lolote. Ukifungua vitabu vingi vya Vita vya Pili vya Dunia utaikuta katika sentensi moja, tena mwishoni mwa aya: na meli ya mafuta nayo ikazama. Basi. Aya inayofuata inarudi kwa wakubwa.

Nani aliwapa hao wakubwa mafuta ya kufika vitani? Nani aliwarudisha nyumbani? Harusi ikiisha watu husimulia bwana harusi alivyovaa na bibi harusi alivyopambwa. Aliyekesha na masufuria ya pilau, macho mekundu kwa moshi, nani humsimulia? Neosho ndiyo iliyokesha jikoni. Leo naomba tuanze na yeye.

Kwanza tuulizane: manowari isiyo na mafuta ni kitu gani?

Sina haja ya kuwapeleka mbali. Nendeni Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilifika Unguja asubuhi na mapema, ikaipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga mitambo yake ikitengenezwa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Na baada ya ushindi? Ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Mitambo yake nayo ilitaka matengenezo, na makaa ya mawe yalikuwa haba. Meli iliyoihudumia, Somali, ilipigwa ikateketea humo humo deltani. Nyingine, Rubens, ilitumwa kutoka Ujerumani na shehena ya makaa. Waingereza wakaikuta Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Makaa hayakufika. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa palepale mikokoni.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mizinga yake kumi mikubwa ilitolewa majini, ikaburutwa nchi kavu, ikaendelea kupigana upande wa Wajerumani humu Afrika Mashariki. Mizinga ilikuwa mizima! Kilichoifunga manowari ile mtoni miezi yote hiyo hakikuwa upungufu wa risasi, wala hakikuwa upungufu wa ushujaa. Ilikosa makaa na ilikosa karakana.

Jeshi la majini la Marekani nalo liliwaza jambo hilohilo kwa upande wa bahari kubwa. Pasifiki haina bandari kila kona. Ukitoka Hawaii kuelekea magharibi unaweza kwenda siku na siku usione hata jabali. Utajaza wapi? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1917, katika Atlantiki ya kaskazini, kwenye meli iliyoitwa Maumee. Maumee ilijaza mafuta manowari ndogo zilizokuwa zikivuka kwenda Ireland, huku zinatembea. Mmoja wa maofisa wake, aliyekuwa mkuu wa injini na msaidizi wa nahodha, ndiye aliyeshughulikia namna ya kufanya kazi hiyo. Aliitwa Chester Nimitz. Miaka ishirini na mitano baadaye mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa akiamuru vikosi vyote vya majini vya Marekani katika Pasifiki. Ndugu zangu wa injini, mnalisikia hilo? Amiri mkuu alianzia kwetu.

Vijana, nataka muione kazi yenyewe. Meli mbili zinakwenda sambamba, mwendo mmoja, mwelekeo mmoja, na kati yao kuna maji membamba kiasi kwamba watu wanapiga kelele wakasikilizana. Maji yanayobanwa katikati yanazivuta zigongane. Kamba zinarushwa, kisha mpira wa mafuta unapitishwa ukiwa umening'inizwa kwa winchi, na lazima ulegezwe kiasi. Ukikaza mno, mawimbi yakizitenga meli unakatika. Ukilegeza mno, unaanguka majini na kukwaruzwa ubavuni. Aliyeshika usukani haangalii bahari, macho yake yako kwenye dira na kwenye ubavu wa mwenzake. Kando ya kamba amesimama mtu na shoka mkononi, kwa sababu nyambizi ikionekana hakuna wakati wa kufungua mafundo. Na hali hiyo si ya dakika tano. Ni saa nyingi, meli moja baada ya nyingine, mafuta mazito yakisukumwa na pampu ambazo mtu wa injini huko chini anazisikiliza kwa masikio yake.

Hiyo ndiyo kazi ya Neosho. Iliundwa Kearny, New Jersey. Ilishushwa majini Aprili 1939, ikaingizwa jeshini tarehe 7 Agosti mwaka huohuo. Urefu wake ulikuwa mita 169 hivi, na iliweza kubeba mapipa zaidi ya 140,000. Jina lilikuwa la mto, kwa kuwa huo ndio ulikuwa utaratibu wa meli zao za mafuta. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mwendo, maili 18 za baharini kwa saa.

Mwendo wa nini kwa meli ya mafuta? Nitawaambia. Desemba 1941 kikosi cha Wamarekani kilitumwa kukiokoa Kisiwa cha Wake kilichokuwa kimezingirwa na Wajapani. Kilikuwa na manowari ya kubeba ndege, Saratoga, yenye mwendo wa kuruka. Lakini kiliandamana na meli ya mafuta ya zamani, Neches, isiyofika hata maili 13 kwa saa. Kikosi kizima kilikwenda kwa mwendo wa Neches. Wake ikaanguka tarehe 23 Desemba kabla hawajafika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Januari 1942, Neches yenyewe ilipigwa torpido, kombora la chini ya maji, na nyambizi ikazama. Kikosi kingine, cha Lexington, kilichokuwa njiani kwenda kuipiga Wake, kikarudishwa. Mizinga ipo, ndege zipo, marubani wapo. Mafuta hayapo. Rudini nyumbani. Ndivyo vita vilivyokuwa.

Sasa tuingie Pearl Harbor, bandari ya manowari za Marekani huko Hawaii.

Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941. Mashambulizi ya Wajapani yalianza saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Kila mtu hapa amesikia habari za Arizona na za Oklahoma, manowari kubwa zilizozama siku ile. Swali langu ni hili: Neosho ilikuwa wapi asubuhi ile?

Ilikuwa katikati. Ilikuwa imefungwa kwenye gati la petroli la Kisiwa cha Ford, kwenye mstari uleule wa manowari kubwa, California upande mmoja, Oklahoma na Maryland upande wa pili. Ilikuwa imekuja kushusha petroli ya ndege, na kazi ya kushusha ilimalizika dakika chache tu kabla ya bomu la kwanza. Kando yake, nchi kavu, yamesimama matangi ya petroli. Nanyi mliofanya kazi kwenye meli za mafuta mnajua: tangi lililotoka kushusha petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Petroli iliyojaa hadi juu haina nafasi ya hewa. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Nahodha John S. Phillips aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia matangi. Angeweza kukaa. Amri ya kuondoka hakuwa nayo. Lakini aliona kwamba meli yake ikipigwa pale, moto hautabaki kwake. Utayachukua matangi ya nchi kavu, na manowari za jirani hazitakuwa na pa kukimbilia. Kabla ya saa tatu asubuhi Neosho ilikuwa imejing'oa. Kamba za gatini zilikatwa kwa mashoka. Ikarudi kinyumenyume, tezi mbele, ikipita karibu na Oklahoma ambayo ilikuwa tayari imepinduka chini juu na watu wakiwa ndani. Mizinga yake midogo inafyatua, ndege zinaimiminia risasi, watu wake watatu wamejeruhiwa. Ikavuka bandari ikafika upande wa pili salama. Phillips alitunukiwa Navy Cross, nishani ya juu sana ya jeshi lao la majini, kwa asubuhi ile.

Naipenda sana sehemu hii. Sifa za vita hutolewa kwa kilicholipuka. Mnara hujengwa pale palipozama kitu. Hakuna mnara wa mlipuko ambao haukutokea, wala hakuna anayeweza kuonyesha picha ya mabaharia wangapi walibaki hai kwa sababu meli moja ya mafuta iliondoka mahali pake kwa wakati. Na matangi makubwa ya mafuta ya bandari ile, yenye mapipa kama milioni nne na nusu, yalibaki salama siku ile. Nimitz mwenyewe alikuja kusema kwamba Wajapani wangeyaharibu hayo, vita vingerefuka sana. Mtu wa Maumee alijua anachosema.

Tuje sasa Bahari ya Matumbawe, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Watu wa Mombasa, hadithi hii inapita kwenye maji yetu kabla ya kufika huko. Aprili 1942 manowari za Kijapani za kubeba ndege ziliingia Bahari ya Hindi zikaipiga Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9. Zilizamisha manowari ya Kiingereza ya kubeba ndege, Hermes, na meli za mafuta zikiwemo Athelstane na British Sergeant. Ni baada ya hapo Waingereza walipoondoa meli zao huko na kuzileta hapa, Kilindini. Wazee wengine hapa walikuwa watoto walipoiona bandari yetu imejaa manowari. Basi miongoni mwa zilizoipiga Ceylon zilikuwemo mbili zilizoitwa Shokaku na Zuikaku. Hizo ndizo zilizotumwa mara moja Bahari ya Matumbawe, kaskazini-mashariki ya Australia, kulinda msafara wa kuiteka Port Moresby, bandari ya kisiwa cha New Guinea. Hata mwezi haukuisha tangu zitoke upande wetu, zikakutana na Neosho.

Upande wa Wamarekani aliongoza Frank Jack Fletcher, na alikuwa na manowari mbili za kubeba ndege, Yorktown na Lexington. Mafuta aliyapata kwa meli mbili tu, Tippecanoe, ambayo iliondoka mapema, na Neosho. Mbili tu! Tarehe 6 Mei Neosho iliijaza Yorktown na manowari Astoria. Kazi ilipokwisha, Fletcher aliiondoa mahali pa hatari. Akaituma kusini pamoja na manowari moja ndogo ya kuisindikiza, Sims, wakasubiri huko hadi watakapohitajika tena.

Kesho yake asubuhi, tarehe 7 Mei, ndege ya upelelezi ya Kijapani ikawaona. Kutoka juu, meli ndefu yenye sitaha bapa, na ndogo pembeni yake. Ikaripoti: manowari ya kubeba ndege na nyingine kubwa ya kusindikiza. Wajapani hawakungoja. Wakarusha ndege 78. Sabini na nane, jamani! Ndege za kivita 18, za mabomu 36, za torpido 24. Zote kwa ajili ya meli ya mafuta na mlinzi wake mmoja.

Zilipofika zikaona kosa. Zikazunguka, zikatafuta huku na huku kwa muda mrefu, hazikuona kingine. Zile za torpido na za kivita zikarudi. Zile 36 za mabomu zikaona si vyema kurudi na mzigo. Ilikuwa karibu saa tano na nusu asubuhi zilipoanza kushuka.

Sims ilipigwa mabomu matatu, ikavunjika katikati, ikazama papo hapo. Kati ya watu 192 walipona 14. Neosho ilipigwa mabomu saba. Ndege moja iliyopigwa na mizinga yake iliangukia juu ya sitaha na petroli yake inayowaka. Umeme ukakatika. Injini zikanyamaza.

Sasa ngojeni. Wakati ndege hizo 36 zinaimaliza Neosho, ndege 93 za Yorktown na Lexington zilikuwa zimeikuta manowari ya Kijapani ya kubeba ndege, Shoho, upande mwingine kabisa. Shoho ikazama karibu saa ileile. Yorktown na Lexington hazikuguswa asubuhi ile, kwa sababu pigo lililokusudiwa wao lilimwangukia aliyewajaza mafuta jana yake. Sisemi kwamba Neosho ilijitoa mhanga kwa makusudi. Haikuulizwa. Lakini nasema hesabu ya siku ile haikamiliki bila kuiandika Neosho, na wengi wameiandika bila yeye.

Twende chini sasa, chumba cha injini. Hapa nazungumza na wenzangu.

Alikuwapo mtu aitwaye Oscar Peterson, msimamizi wa boila, mzaliwa wa Wisconsin, umri wake miaka 42. Aliongoza kikundi cha kuzuia uharibifu. Bomba kubwa la mvuke linapita kutoka chumba hadi chumba, na kwenye kila ukuta linapopenya kuna valvu ya kufungia. Chumba kimoja kikipigwa, mvuke wote wa meli unakimbilia kwenye tundu lile, na kila aliye karibu anaiva. Dawa yake ni moja. Mtu aende akafunge valvu kwa mkono. Gurudumu lenyewe ni la chuma, limeshika moto, na unalizungusha mara nyingi, si mara moja. Wenzake wote wa kikundi walikuwa wameumia, hawawezi kumsaidia. Yeye mwenyewe alikuwa ameumia vibaya. Alikwenda. Akazifunga. Alipozifunga akaungua mara ya pili juu ya majeraha ya kwanza.

Nimesimama mbele ya valvu za mvuke miaka mingi. Nawaambieni, ukisikia mvuke unavuja mwili wenyewe unageuka kukimbia kabla akili haijasema kitu. Huyu alikwenda kwenye mvuke. Alikaa na majeraha yale tangu tarehe 7 mpaka waokozi walipofika, akafariki tarehe 13 Mei.

Meli haikuzama. Kwa nini? Kwa sababu matangi mengi yalikuwa matupu. Mafuta yalikuwa yameshahamia kwa wengine, na nafasi zile za hewa zikaifanya ielee. Ilijipinda, ikalala upande wa kulia, lakini ikaelea siku nne.

Siku nne hizo zina uchungu wake, na vijana, hapa sikilizeni kwa makini kwa sababu yanawahusu.

Katika moshi na makelele, Phillips alitoa amri: jitayarisheni kuiacha meli, lakini subirini. Wengi walisikia nusu ya kwanza. Wakajirusha majini, wakateremsha vyelezo vya kuokolea, upepo na mkondo ukavichukua. Jioni majina yalipoitwa, waliokuwepo kwenye meli walikuwa 110. Ishirini walijulikana wamekufa. Wengine 158 hawakujulikana waliko. Kundi la watu 68 lilikuwa juu ya vyelezo vilivyofungwa pamoja, na maji ya kunywa karibu hakuna. Katikati ya Mei manowari Helm ilipovikuta, walikuwa wamebaki wanne. Wawili kati yao nao wakafa baada ya kuokolewa.

Kwa nini hawakupatikana mapema? Kwa sababu mahali meli ilipotangaza kwamba ipo sipo ilipokuwa. Hesabu ya longitudo na latitudo ilikosewa. Manowari Monaghan ilitumwa kuwatafuta, ikafika mahali palipotajwa, ikakuta maji matupu. Watu wa meli nyingine wanafanya kazi yao sawasawa, wanaangalia kwa darubini usiku na mchana, na watu wa Neosho wanakufa kwa kiu makumi ya maili kutoka hapo. Wanafunzi wa urambazaji, mwalimu wenu akiwaambia rudieni hesabu, msinung'unike. Leo mna vyombo vya setilaiti, najua. Vyombo huzimika. Umeme wa Neosho ulizimika.

Katikati ya maafa hayo walikuwapo pia watu wa Sims. Mkuu wao wa ishara, Dicken, aliwakusanya waliopona kwenye mashua iliyotoboka, wakawa wanachota maji na kupiga makasia mpaka wakafika kwenye Neosho, meli iliyokuwa nayo inakufa, wakapanda. Kwa nini walipanda meli inayozama? Kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa juu ya maji.

Tarehe 11 Mei ndege ya upelelezi iliwaona, na siku hiyohiyo manowari Henley ikafika. Iliwachukua watu 123, 109 wa Neosho na 14 wa Sims. Kisha Henley ikaizamisha Neosho kwa mizinga na torpido, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kuivuta.

Na vita vyenyewe? Tarehe 8 Mei Lexington ilizama, Yorktown ikapigwa bomu. Yorktown ilijiburuta hadi Pearl Harbor, ikatengenezwa kwa siku tatu, na tarehe 4 Juni ilikuwa Midway. Mliosoma mnajua Midway ilikuwa nini kwa Wajapani: pigano walilopoteza manowari zao nne za kubeba ndege. Mafuta iliyokuwa nayo Yorktown tarehe 8 Mei iliyapata kwa Neosho tarehe 6. Port Moresby haikutekwa kutoka baharini.

Hatari ya kazi hii haikuisha kwa Neosho. Tarehe 20 Novemba 1944, huko Ulithi, meli ya mafuta Mississinewa ilikuwa imetia nanga imejaa, ikapigwa na torpido inayoendeshwa na mtu ndani yake. Watu 63 walikufa. Mafuta yake yalianza kuvuja kwenye samaki na matumbawe ya wenyeji miaka hamsini na zaidi baadaye, hadi yalipopampuliwa mwaka 2003. Wavuvi wa Ulithi hawakuwa upande wowote katika vita ile.

Nirudi kwa Peterson kidogo kabla sijamaliza. Alitunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya juu kuliko zote za Marekani. Manowari moja ikapewa jina lake mwaka 1943. Lakini medali yenyewe mjane wake aliletewa kwa posta. Posta, ndugu zangu. Hakuna bendera, hakuna hotuba. Mwaka 2010 ndipo jeshi lilipofanya sherehe kwenye mji wa Ephrata, jimbo la Washington, na mwanawe, tayari ni mzee, akakabidhiwa mkononi. Miaka sitini na minane baadaye. Nashukuru kwamba walifanya. Nasikitika kwamba mama yule hakuwepo.

Sasa ombi langu. Manowari za Waingereza zilipokuja Kilindini mwaka 1942 zilihudumiwa na watu. Walikuwapo makuli wa gatini, waendesha matishali, wapiga boila, wapakiaji wa makaa na vyakula. Wengi walikuwa wa pwani hii na wengine walitoka bara kutafuta kibarua. Majina ya manowari tunayo. Majina yao hatunayo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwapo, au mtoto wa aliyekuwapo, au kitambulisho cha kazi kilichobaki kwenye sanduku la bibi, tafadhali msiondoke kabla hatujaonana. Meza iko pale mlangoni, kuna daftari na kalamu, na vijana wawili wa chuo watakaa hapo mpaka magharibi. Andikeni jina, kazi aliyofanya, na nambari ya simu ya anayeweza kutusimulia. Tutakuja nyumbani, tutakaa, tutasikiliza.

Asanteni sana. Karibuni kwa maswali, na naomba tuanze na wazee.